Nyasi Yenye Niliacha Nyuma ya Nyumba ya Baba Mukwe

Ninyi vijana munaolala chini ya mabati, nasikia munacheka nyumba za nyasi. Mucheke tu. Lakini kiangazi kilichopita niliona mumoja wenu, simutaji, anachoma takataka nyuma ya jikoni saa tatu ya asubui, upepo unashuka toka mulimani, na yeye amesimama mikono mifukoni anaangalia moshi kama vile ni sinema. Nilichukua fagio nikamupiga nayo miguuni. Akaruka, akasema, "Koko, bibi yangu, ni takataka tu!" Karatasi hizi zote nimeziandika juu ya ile "tu" yake.

Mimi sikusoma sana. Nilifanya miaka mbili kwa misioni, kisha mama akanitoa, muhogo ulikuwa unangoja. Lakini kazi niliijua. Miaka mingi nilikata nyasi. Siyo nyasi ya mbuzi, nyasi ya kuezeka nyumba. Wakati ule Babeleji banatawala, hapa kwetu Fizi, kando ya ziwa, toka kijiji chetu mpaka kule Lweba, nyumba karibu zote zilivaa nyasi kichwani, na ile nyasi haikujikata yenyewe.

Na niwaambie kitu kimoja mbele ya vyote. Mukata nyasi anajua moto kuliko muntu mwingine, juu yeye na moto banatafuta kitu kile kile, na juma ile ile. Nyasi ya kuezeka haikatwi mbichi. Unaingoja ikauke imesimama, mbegu imekwisha kudondoka, fimbo yake imekuwa ya manjano na ukiivunja inasema ka! Siku inakuwa tayari kwa kisu chako, siku ile ile iko tayari kwa moto. Nani atafika wa kwanza? Kazi yetu yote ilikuwa ni mbio hiyo.

Mwenye alinifundisha aliitwa Mama Wabiwa. Alikuwa mujane, mwembamba kama upondo wa mutumbwi, na kiko chake cha tumbako hakikutoka mudomoni hata akiinama kukata. Mimi nilikuwa bibi-arusi mupya, nimeolewa na Wilondja, muvuvi wa ndagala, wale dagaa badogo ba ziwa, na nilijiona najua kila kitu. Siku ya kwanza nilikata kifurushi kikubwa, nikakileta kwake na kifua mbele. Akakivunja katikati, akanusa.

"Unaezeka nyumba ao unalisha ngombe?"

"Ni nyasi, Mama."

"Ni mboga. Irudishe."

Sikuirudisha. Kwa siri niliezeka nayo jiko langu. Mvua ya tatu, dari ikaota uyoga. Mama Wabiwa akakuja kula bukari, ugali wa muhogo, kwangu, akaangalia juu pole pole, akaniambia, "Mukaza-mwana, asante kwa uyoga, lakini mwingine huwa anautia kwenye sufuria." Kijiji kizima kilijua mbele ya jua kuzama. Nilikaa mwaka muzima naitwa Mama Uyoga.

Hapo njo nikajifunza. Unakata chini kabisa, karibu na udongo, juu nguvu ya nyasi iko kwenye kisigino chake. Unashika kifurushi kichwa chini, unakipiga kwenye goti mpaka majani madogo yote yanaanguka, unapitisha vidole kama vile unachana nywele za mutoto. Majani madogo ndiyo yanaoza, na ndiyo yanashika cheche. Kisha unafunga na kamba ya mugomba, na unasimamisha vifurushi kwenye muchanga tupu, upande wa ziwa, mbali na nyumba. Mbali! Si kwenye ukuta. Nimeona muntu ameegemeza dari ya mwaka ujao kwenye ukuta wa mwaka huu, na jioni moja akapoteza zote mbili.

Sasa musikilize upepo. Upepo wetu uko na tabia kama muntu. Asubui unatoka mulimani, unashuka ziwani. Ikifika katikati ya siku unageuka, unatoka ziwani, unapanda. Jioni unalala kidogo. Kwa hiyo, kama iko lazima kuchoma, unachoma jioni, kipande kidogo, bantu bamesimama na majani mabichi mikononi, na umande uko njiani unakuja. Asubui hauchomi kitu. Hata barua ya mwanaume mwenye alikudanganya, ungoje jioni.

Na bavuvi ba ndagala? Hawa banafanya kazi kwenye giza, usiku wenye hauna mwezi. Banarudi alfajiri, banakunywa uji, banaanguka kitandani. Asubui yote kijiji ni banaume benye banakoroma, na asubui njo saa yenye upepo wa mulima unaweza kuleta moto. Mungu aliweka vitu hivi viwili pamoja, na mimi sijamuuliza bado kwa nini. Ninyi mukumbuke tu: kiangazi, bamama na batoto wakubwa njo askari.

Tulikuwa tunaanza mapema, nyasi ingali na rangi ya kijani miguuni. Tulifyeka nyuma ya jikoni, kisha tulilima, kisha tulifagia, mpaka udongo unang'aa kama paji la kipara. Hatua makumi tatu toka ukuta mpaka nyasi ya kwanza. Nikisema hatua, ni hatua zangu, si za mutoto mwenye anataka kumaliza haraka akaogelee. Migomba tuliipanda upande wa mulima, juu mugomba ni mutungi wenye umesimama, ni maji tupu ndani. Ngazi inaegemea nyumba kiangazi chote, hakuna kuiazima muntu. Muti murefu wenye ndoano unalala chini ya ukingo wa dari, wa kuvuta nyasi ikishika moto. Mitungi mbili za maji kwenye mulango, na yule atakunywa ile maji, hata kama ni mugeni, hata kama ni katekista, anaenda mwenyewe ziwani kujaza.

Mbegu ya maharagi tulizika kwenye chungu ndani ya shimo. Na kila mutoto alijua kitu chake. Mukubwa anafungua mbuzi. Wa pili anabeba jembe. Mudogo anashika kikwembe, kitenge ya kiunoni ya mama, na haiachi. Bote banashuka kwenye muchanga wa ziwa. Hakuna kupanda, juu moto unapanda kuliko muntu. Hakuna kurudi, hata ukisahau chumvi.

Na majivu. Hii njo makosa yangu ya pili, muishike. Niliona nimefagia vizuri, nikamwaga majivu ya jiko kwenye shimo, yamekuwa meupe, yamepoa, nikashika na mukono, sawa. Nilikuwa na kuku mumoja mwekundu, mubishi, Mungu alimuumba ili anisumbue. Akaingia kwenye shimo, akachakura, chaka chaka chaka, akafunua makaa ya chini yenye ilikuwa ingali hai, akairusha kwenye fagio yangu. Nilitoka nikakuta fagio inawaka na kuku amesimama pembeni anaiangalia. Kutoka siku ile, majivu kwangu yanakunywa maji mbele ya kutupwa. Na kuku yule mumukumbuke, atarudi.

Sasa nifike kwenye lile nilitaka kuwaambia toka mwanzo.

Mwaka ule mutoto wangu wa pili alikuwa anatambaa. Wilondja alikuwa amevuka kwenda Ubwari, kwenye kambi ya uvuvi, juma mbili. Baba yake, baba mukwe wangu, alikuwa mujane, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu, ya mwisho upande wa mulima. Dari yake ilikuwa imechoka. Mvua ilikuwa inamufuata mpaka kitandani. Nilimuahidi dari mupya mbele ya mvua. Na nyuma ya nyumba ile, hatua tano tu toka ukuta, ilikuwa imeota nyasi yenye sijaona nyingine kama ile. Ndefu kupita muntu, imenyooka, imejaa. Dari ya baba mukwe yote ilikuwa pale, na jiko langu juu yake.

Mama Wabiwa aliniambia mara mbili.

"Ile uikate sasa."

"Juma moja tena, Mama. Mbegu haijadondoka yote."

"Hatua tano, mwanamuke! Uliwafundisha bantu bote hatua makumi tatu, na wewe mwenyewe unaacha tano?"

"Na nikienda kukata ya ng'ambo ya mto, nani atanibebea? Shingo yako?"

Akavuta kiko chake, akatema mate pembeni. Nilijua kila kanuni, na niliivunja juu nyasi ilikuwa nzuri na ilikuwa karibu. Muntu wa kazi nyingine angeifyeka kitambo, angeona ni pori. Mimi niliona dari. Kosa kama lile linamupata mukata nyasi peke yake.

Juma ile ilipokwisha, asubui, tulifika na visu tuikate. Mutoto nilimuacha chini kwenye muchanga, na bamama benye banaanika ndagala. Mama Wabiwa alinusa mbele ya kuona. Akasimama, akatoa kiko mudomoni, na mimi nikajua ni neno kubwa, juu kiko kile hakikutolewa hata kwa sala.

"Huu si moshi wa jiko," akasema.

Tukaangalia juu. Kule kwenye mutelemuko, kupita mashamba ya pamba, moshi ulikuwa umelala chini, unashuka. Upepo wa mulima ulikuwa unatupiga usoni.

"Mi nashuka kuita bantu," akasema. "We uamushe mukwe wako." Akakimbia. Sikuwahi kumuona anakimbia, na kisha ya siku ile sikumuona tena anakimbia.

Kumuamusha mukwe. Ninyi munaona ni kitu rahisi, muko na bakwe benye munapiga nao picha. Kwetu, wakati ule, mukaza-mwana hakutaja jina ya baba mukwe. Hakupandisha sauti mbele yake. Akimukuta njiani alitoka pembeni, akainamisha kichwa. Na mahali penye analala, kuingia? Ungekufa kwanza. Mwenye alitaja lile jina alileta kuku wa faini mbele ya bazee, na mama yake mwenye alimulea alipata haya mpaka kijiji cha pili.

Nikafika kwenye mulango. Ulikuwa wa matete, umefungwa na kamba toka ndani. Yeye alikuwa amerudi toka ziwani alfajiri, na mukoromo wake ulikuwa unatikisa matete.

"Hodi," nikasema. Kwa adabu.

Mukoromo.

"Hodi wenye nyumba! Baba! Kuko moshi, Baba."

Mukoromo. Nikakohoa. Nikapiga makofi. Nikarusha mawe kwenye ukuta, madogo kwanza, kisha makubwa. Kijiji kile, kila mwanamuke aliita kila muzee "Baba", na yeye alikuwa amezoea kulala juu ya neno lile kama juu ya mukeka. Pembeni kulikuwa tundu dogo la kupitisha hewa. Kuku wangu mwekundu alikuwa anachakura pale. Nikamukamata, nikamupitisha kwenye tundu, nikamurusha ndani. Nikasikia mabawa, nikasikia kitu kimeanguka, nikasikia sauti ya mukwe wangu inasema, "Toka, shetani ya kuku." Kisha akageuka upande mwingine. Mukoromo.

Njo nikasikia nyasi imeanza kulia. Nyasi kavu ikishika moto inalia kama mafuta ya moto kwenye sufuria. Ukisikia vile, hauna tena wakati wa adabu.

Nikajaza kifua. "Etabo! Etabo weee! Moto!"

Etabo njo jina yake. Nikapiga teke mulango, ukaanguka ndani na mimi juu yake. Nikaingia kwenye giza, nikashika muguu, nikavuta. Yeye alikuwa ameshika muti wa kitanda, kwa hiyo tulitoka sote: mimi, yeye, na nusu ya kitanda.

Alikaa kwenye uwanja, nguo ya kulalia imemuzunguka shingo, macho mekundu.

"Nani ameita jina yangu?"

"Ni mimi, Baba. Utaniua kesho. Simama."

Akageuza kichwa, akaona. Akasimama.

Moto ulikuwa umefika mwisho wa shamba la pamba, na kati yake na ukuta hakukuwa kitu kingine, ni nyasi yangu ile nzuri. Na kwenye njia, toka upande wa mto, akakuja Rugaza. Huyu alikuwa muchungaji wa ngombe wa kule juu Bibokoboko, mumoja wa bale banasema Kinyarwanda. Alikuwa anashuka na kibuyu cha mafuta ya ngombe, tunamupa ndagala, anarudi. Kazi yake iko kwenye majani, basi moto aliujua. Kwanza aliweka kibuyu chini ya mugomba, taratibu, kama vile analaza mutoto. Kisha akaangalia nyasi, akaangalia upepo, akaangalia ukuta.

"Mama, nyasi hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Moto ukiifika toka kule, utakuja na nguvu yake yote, na dari itawaka. Tukiichoma sisi toka hapa, pole pole, moto ule utakuta hakuna chakula. Niichome?"

Niliiangalia. Dari ya mukwe, jiko langu, kazi ya mwaka. Ilikuwa inainama na upepo, manjano kabisa. Mbegu yote ilikuwa imedondoka.

"Choma."

Akachukua kijinga cha moto kwenye jiko la mukwe wangu. Nikamwaga mutungi wa kwanza kwenye kikwembe yangu na kwenye ile nguo ya kulalia. Rugaza alikuwa anawasha kidogo kidogo kwenye ukingo, upande wetu, na moto ukitaka kugeuka kwenye nyumba, sisi tunaupiga. Mimi nilikuwa naiinua juu kikwembe, napiga kama vile natwanga.

"Usiinue!" mukwe wangu akapiga kelele. "Ukiinua unarusha cheche! Bonyeza na uvute!"

"Ndiyo, Baba!"

"Chini! Chini zaidi! Hawa banawake ba leo banafundishwa na nani?"

Muone wenyewe: ng'ambo ile kifo, na huku ananigombeza. Nilifurahi. Muntu mwenye anagombeza hajakufa.

Moto wetu ulipanda pole pole kukutana na ule mukubwa. Zilipokutana zilisimama wima mara moja, juu kabisa, tukarudi nyuma tumefunika nyuso. Kisha hakukuwa kitu. Moto ulikula nyasi yote, ukakosa chakula, ukalala.

Lakini cheche moja ilikuwa imeruka kwenye ukingo wa dari. Ngazi? Mukwe wangu alikuwa ameiazima rafiki yake wa kushona nyavu. Muti wenye ndoano? Ulikuwa kwangu, si kwake. Akachukua upondo wa mutumbwi, akadunga dari kama vile anadunga samaki, tukavuta, nyasi ya zamani ikatuangukia vichwani. Wakati ule bamama bakafika na mabeseni ya maji ya ziwa, Mama Wabiwa mbele, kiko mukononi. Nusu ya dari ilienda. Nusu ikabaki. Muntu hakuumia, toa muguu wa baba mukwe mwenye nilimuvuta.

Sasa musikie aibu yetu. Tulikuwa tungali tunahema, na mumoja akasema, "Ni bachungaji! Banachoma kule juu ngombe bapate majani mapya!" Na bote bakamugeukia Rugaza, mwenye uso wake ulikuwa mweusi na moshi wa nyumba yetu. Alienda kufungua kibuyu, akaangalia kama mafuta ingali nzuri.

Na kwenye ile ile mutelemuko akashuka Asende, ndugu mudogo wa bwana yangu, mwanaume muzima wa kuoa, anapiga muluzi. Kwenye bega alikuwa na muti, na kwenye muti simbiliki mbili, wale panya wakubwa wa matete, wanono. Alikuwa amewasha nyasi ili watoke.

"Leo kila muntu anakula nyama!" akasema.

Hakuna mwenye alicheka. Akaona uwanja mweusi, akaona dari.

Mama Wabiwa akarudisha kiko mudomoni. "Nyama iko tayari," akasema. "Hata nyumba ya baba yako tumekupikia."

Kazi ya kiangazi kile chote, Asende aliifanya na sisi banawake, ng'ambo ya mto, mbali. Alikata, alichana, alibeba kichwani mbele ya wasichana benye alitaka kuoa. Walimuita Mama Uyoga, jina yangu ya zamani, na mimi sikukataza. Aliezeka dari ya baba yake yote, na alikuwa mukata nyasi muzuri, afazali niseme ukweli. Rugaza tulimujazia kikapo ya ndagala mpaka kifuniko kikakataa. Na kutoka mwaka ule tukabadilisha kazi: mbele ya kiangazi kukomaa, nyasi ingali na maji miguuni, yeye anatuma neno, sisi tunatuma neno, tunapatana siku. Banachoma vipande vyao kule, sisi vyetu huku, jioni, na kati yake tunaacha nyasi ya kuezeka ikiwa imezungukwa na udongo mweusi kama kisiwa. Moto ukikuja, hauna mahali pa kukanyaga. Hakuna kitabu kilitufundisha vile. Ni nyumba moja karibu iungue.

Lakini jina lilikuwa limetajwa, na kijiji kilisikia. Siku ya tatu bazee batatu bakaketi kwa mukwe wangu, na mimi nikakuja na kuku mwekundu chini ya mukono, kichwa chini. Baba mukwe alikuwa ameketi, muguu wake umefungwa na majani.

"Huyu kuku namujua," akasema. "Alikuja kuniamusha wa kwanza, akashindwa. Mukaza-mwana akakuja wa pili, akaweza. Munataka nimulipishe mwenye aliweza?"

"Lakini jina, ndugu yetu," muzee mumoja akasema. "Jina yako iliitwa inje, kwa kelele."

"Jina iko pale pale. Haikuungua."

Kisha akanigeukia, mara ya kwanza kuniangalia usoni. "Ulikuwa umesimama pale inje muda gani?"

"Muda kidogo, Baba."

"Kidogo namna gani?"

Nikamuambia. Hodi. Kikohozi. Makofi. Mawe madogo, mawe makubwa. Kuku. Ni muda wa kupika uji na kuunywa. Akanionyesha na mukono nimurudishe kuku. Bazee bakasimama, bakaenda zao. Nilirudi na kuku wangu nyumbani, na akaendelea kuchakura majivu yangu mpaka alipokufa na uzee.

Muda ule wa uji, ninauwaza mpaka leo. Nyasi ya hatua tano ni makosa ya kazi, muntu anajifunza, anacheka. Lakini ningeongeza adabu kidogo tu, hodi mbili tena, tungemuzika Etabo, na bote bangesema mukaza-mwana yule alilelewa vizuri.

Mwaka nilipata bakaza-mwana bangu mwenyewe, batatu, bazuri, na adabu mpaka inachosha, hakuna mwenye aliweza kutaja jina yangu. Banafika kwenye mulango wangu banakohoa kama vile baliugua kifua. Siku ya kwanza ya kiangazi niliwapanga kwenye uwanja, na bana bangu banaume nyuma yao, nikawaambia:

"Jina yangu ni Faida. Siku ya moshi hakuna hodi, hakuna kikohozi, hakuna kuku. Muniite jina, muvunje mulango, munivute na muguu wowote mutapata. Sasa mutoke pale kwenye njia, mumoja mumoja, muite Faida mpaka Ubwari isikie. Mwenye sitamusikia halali leo. Kisha mushike mafagio: hatua makumi tatu, na hatua ni zangu."